Jina la Ugonjwa ni Moja, Damu za Wanawake Hazifanani

Tuwachukue, kwa mfano tu, mabibi wawili wanaoishi katika mstari mmoja wa nyumba za kambini. Wa kwanza ni mke wa sajini. Ana mwili mkubwa. Ngozi ya nyuma ya shingo yake imekuwa nyeusi na nene kana kwamba haioshwi, ingawa huiosha kila siku. Tena ana nywele kidevuni ambazo huzinyoa alfajiri kabla mumewe hajaamka. Hedhi yake huja mara tatu au nne kwa mwaka. Ana mtoto mmoja wa miaka tisa, na tangu hapo hajashika mimba nyingine. Wa pili ni askari polisi yeye mwenyewe. Ni mwembamba, hukimbia asubuhi pamoja na wenzake bila kuhema, uso wake ni laini, wala hana unywele hata mmoja mahali usipotakiwa. Lakini huu ni mwaka wa nne tangu aolewe na hajapata mtoto, na siku zake huchelewa hadi siku 45, pengine 60.

Penye bomba la maji hukumu zimekwisha kutolewa. Wa kwanza, wanasema, amejinenepesha kwa ulafi na uvivu. Wa pili ameharibiwa na vidonge vya kuzuia mimba alivyomeza alipokuwa chuoni, au ametiwa jicho na mtu. Ndugu wa mumewe wameanza kuulizana kwa sauti ya chini ni lini ataletwa mwanamke mwingine. Hakuna anayewafikiria mabibi hawa wawili pamoja. Hata hivyo, wakienda hospitali na kupimwa vizuri, huenda wote wawili wakarudi na herufi zile zile nne katika kadi zao: PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Ovari ni zile tezi mbili, moja kila upande wa mji wa mimba, zinazotunza mayai ya mwanamke.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, wapatao 8 hadi 13 wana ugonjwa huu, na kwamba huenda hata 70 kati ya kila wagonjwa 100 hawajaambiwa kuwa wanao. Yakiwa makadirio hayo yanafaa hata kwetu, basi kambi yenye wanawake 200 wa umri huo ina wagonjwa kama 16 hadi 26. Si ugonjwa wa nadra. Ni ugonjwa usiotambulika, na sababu kubwa ya kutotambulika ni kwamba watu hutazamia wagonjwa wake wafanane.

Jina lililopotosha watu

Mwaka 1921, huko Paris, madaktari wawili Wafaransa, Charles Achard na Joseph Thiers, waliandika juu ya kisukari cha wanawake wenye ndevu. Hawakushughulika sana na ovari. Walichokiona ni kwamba ndevu na sukari zilikwenda pamoja. Miaka kumi na minne baadaye, yaani mwaka 1935, madaktari wengine wawili wa mji wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza habari za wanawake saba ambao hedhi zao zilikuwa zimekatika. Walipowapasua waliona ovari zimekuwa kubwa, na ndani yake vifuko vidogo vingi vyenye maji. Wakakata kipande cha kila ovari na kushona. Wanawake wote saba walianza tena kuona siku zao, na wawili wakapata mimba.

Habari hiyo ya Chicago ilikuwa njema, nayo iliifunika ile ya Paris. Kwa miaka mingi ugonjwa uliitwa kwa majina ya Stein na Leventhal, kisu kikawa ndiyo dawa yake, na mgonjwa akawa ni wa daktari wa uzazi peke yake. Daktari wa kisukari hakuulizwa. Ndipo mwaka 1980 watafiti wa mji wa Memphis, Marekani, walipoonyesha kwamba wanawake wanene wenye ugonjwa huu walikuwa na insulini nyingi zaidi damuni kuliko wanawake wanene wasio nao, na kwamba kadiri insulini ilivyozidi ndivyo na homoni za kiume zilivyozidi. Mwaka 1989 Andrea Dunaif na wenzake wakaongeza neno zito: ukaidi huo wa mwili mbele ya insulini ulionekana hata kwa wagonjwa wembamba. Hivyo mambo mawili yaliyotenganishwa kwa nusu karne yakarudi mahali pamoja.

Vile vifuko vyenyewe, ambavyo vimeupa ugonjwa jina lake, ndivyo vinavyowatisha watu bure. Mwanamke akiambiwa kuwa ana vifuko katika ovari hudhani ana uvimbe utakaokua na kupasuka, au ana kansa. Sivyo. Kila kifuko ni nyumba ya yai moja ambalo lilianza kukua likasimama njiani kabla ya kupevuka. Si vitu vya kukatwa wala kuyeyushwa, na mwenye kuuza dawa ya kuviyeyusha anauza maneno. Tena, kwa mama aliyekwisha kuitwa tasa mbele za watu, kuna jambo la kumfariji hapa: mayai yapo. Yapo hata kupita kiasi. Kilichokosekana ni amri ya kuyapevusha. Mwaka 2012 wataalamu waliokutanishwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani walishauri kwamba jina la ugonjwa libadilishwe, kwa kuwa linawaelekeza watu kwenye vifuko na kuwasahaulisha mengine.

Tarumbeta na wasiosikia

Chini ya ubongo imening'inia tezi ndogo kama punje ya harage, iitwayo pituitari. Kila mwezi tezi hiyo hupeleka homoni mbili kwenye ovari. Moja hukuza yai. Ya pili huagiza ukuta wa kifuko utengeneze homoni za jamii ya kiume, ambazo ovari huzigeuza kuwa homoni za kike. Msomaji asishangae kusikia habari za homoni za kiume ndani ya mwanamke. Kila mwanamke anazo kidogo, nazo zina kazi yake. Kwa wagonjwa wengi ile homoni ya pili huzidi, na ile ya kukuza yai hupungua kwa kulinganisha. Basi homoni za kiume hutengenezwa kwa wingi, mayai huanza safari mengi kwa pamoja, na hakuna linalofika. Yai lisipotoka, hedhi nayo huchelewa au hukosekana.

Kosa la pili hutoka mbali na ovari. Insulini hutengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuiambia misuli ifungue mlango sukari iingie. Tuifananishe na mpiga tarumbeta wa kambini. Siku moja askari wa mabweni ya mbali hawasikii vizuri. Mpiga tarumbeta anapuliza kwa nguvu zaidi, na tena zaidi, mpaka wanaamka. Gwaride linapangwa, na kamanda anaona kila kitu ni sawa. Lakini wale wanaolala karibu na tarumbeta, ambao masikio yao hayana tatizo lolote, wamepasuliwa vichwa. Ndivyo ilivyo katika mwili huu. Misuli haisikii insulini, kongosho linaongeza, na sukari ya asubuhi inapimwa na kuonekana ni ya kawaida. Ila ovari inasikia sana. Insulini hiyo nyingi inaihimiza itengeneze homoni za kiume zaidi. Wakati huo huo inaliamuru ini lipunguze ile protini inayozikamata homoni za kiume damuni, na zikikosa wa kuzikamata huzunguka huru na kufika usoni, kifuani na kichwani.

Sasa kosa la kwanza na kosa la pili havigawanywi sawasawa kwa kila mgonjwa. Hapo ndipo penye siri ya mabibi wetu wawili.

Katika damu ya yule askari polisi mwembamba, huenda homoni ya pituitari ndiyo iliyozidi hasa, na insulini yake haijapanda kwa kiasi cha kuonekana. Katika damu ya mke wa sajini huenda mambo yakawa kinyume: homoni ya pituitari ni ya kawaida tu, lakini insulini iko juu mno, ile protini ya kukamata imeshuka, na sukari inaanza kuyumba. Ule weusi wa shingoni si uchafu. Kwa kawaida ni alama ya insulini iliyozidi, na nguo ya kusugulia haitauondoa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa damu za mamia ya wagonjwa wenye asili ya Ulaya, wakayaona makundi haya mawili waziwazi, moja la upande wa uzazi na jingine la upande wa sukari na unene. Wakaona pia kwamba hata asili ya kurithi ya makundi hayo haielekei kuwa moja. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa hawakuingia katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Walikuwa na haya na yale. Kwa hiyo mtu asimtazame jirani yake kwa macho akampangia kundi. Wako wembamba wenye insulini iliyozidi, na wako wanene ambao sukari yao haina kasoro.

Hata nywele zinadanganya. Wanawake wa Asia ya Mashariki wenye ugonjwa huu mara nyingi hawaoti nywele nyingi usoni hata homoni za kiume zikizidi, na katika kila taifa wako wanawake wenye ndevu chache za ukoo ambao hedhi yao ni sahihi na hawana ugonjwa wowote. Nywele hizo, tukisema kwa kupitia, hazizidi unene wala wingi kwa kunyolewa. Anayetaka kunyoa anyoe.

Daktari hutambuaje

Mwaka 2003 wataalamu walikutana katika mji wa Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana juu ya ishara tatu. Ya kwanza ni mayai kutotoka kwa utaratibu, jambo ambalo hujulikana kwa hedhi zinazoachana kwa zaidi ya siku 35, au chini ya siku 21, au zisizotimia nane kwa mwaka. Ya pili ni kuzidi kwa homoni za kiume, ama kwa dalili za mwilini kama vile ndevu na chunusi nyingi, ama kwa kipimo cha damu. Ya tatu ni vifuko vingi vinavyoonekana katika picha ya ultrasaundi. Mwanamke mwenye ishara mbili kati ya hizo tatu ndiye mgonjwa, baada ya daktari kuhakikisha kwamba hana magonjwa mengine yanayofanana na huu, kama vile ya tezi ya shingo, ya homoni inayoleta maziwa, na ya tezi zilizo juu ya figo.

Msomaji makini ataona mara moja kwamba kanuni hiyo inaruhusu wagonjwa wa namna nne. Yuko mwenye ishara zote tatu. Yuko mwenye hedhi mbovu na ndevu, ambaye picha ya ovari zake ni safi. Yuko mwenye ndevu na vifuko, ambaye hedhi yake huja kila mwezi bila kukosa. Na yuko mwenye hedhi mbovu na vifuko, asiye na dalili yoyote ya homoni za kiume, kama yule askari polisi wetu. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba namna mbili za kwanza ndizo zilizo karibu zaidi na kisukari na mafuta mabaya damuni. Namna ya tatu huwa katikati. Ya nne ndiyo nyepesi kwa upande wa sukari, ingawa kwa upande wa kupata mtoto inaweza kumtesa mwanamke sawa na wenzake.

Mwongozo wa kimataifa uliotolewa upya mwaka 2023 umerahisisha mambo kwa watu wa mfuko mdogo. Mwanamke mzima mwenye hedhi mbovu pamoja na dalili za wazi za homoni za kiume hahitaji picha ili atambuliwe. Msichana aliyevunja ungo chini ya miaka minane iliyopita asipigwe picha kwa ajili ya ugonjwa huu, kwa maana ovari za wasichana wengi wazima huwa na vifuko vingi kwa kawaida ya umri wao. Akina mama wenye mabinti walisikie neno hilo vizuri. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo hedhi kuyumba si ugonjwa, na binti wa miaka kumi na mitatu hapaswi kubandikwa jina litakalomfuata mpaka siku ya posa.

Kipimo kinachosahauliwa

Tukirudi kwa mke wa sajini, hatari yake kubwa haimo katika ovari. Yeye ana mtoto, na huenda hataki mwingine. Akifika zahanati akasema hedhi haiji, anaweza kuambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba bora amepumzika. Akapumzika kwa miaka kumi huku kisukari kikiingia polepole nyumbani mwake.

Kila mwanamke aliyeambiwa ana ugonjwa huu, awe mnene au mwembamba, apimwe shinikizo la damu, mafuta ya damu, na sukari. Na sukari yenyewe isipimwe kwa tone la asubuhi tu. Kipimo kilicho bora ni kile cha kunywa glukosi: mgonjwa hufunga kula usiku, asubuhi hutolewa damu, kisha hunywa maji yaliyotiwa gramu 75 za glukosi, na baada ya saa mbili hutolewa damu tena. Ikiwa sukari ya saa mbili ni chini ya 7.8, ni salama. Ikiwa ni kuanzia 7.8 hadi 11.0, ni onyo. Ikifika 11.1 au zaidi, ni dalili ya kisukari. Kipimo cha asubuhi huweza kuwa kizuri kwa mtu ambaye cha saa mbili ni kibaya, kwa sababu ile ile ya tarumbeta: kwa tumbo tupu kongosho bado linamudu, lakini mzigo ukija linazidiwa. Kipimo hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kwa kadiri ya hali ya mtu. Kipimo cha insulini yenyewe, ambacho maabara nyingine hukipigia debe, hakina faida katika tiba ya kawaida; pesa hizo zinunue maharagwe.

Liko jambo jingine lisilotajwa sana. Hedhi isipokuja kwa zaidi ya siku 90, utando wa ndani wa mji wa mimba hujengeka bila kuondolewa, na kwa muda wa miaka mingi hali hiyo huongeza hatari ya kansa ya mji wa mimba. Kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo, lakini kinga yake ni rahisi: vidonge vya homoni vya kuleta hedhi kwa vipindi, au vidonge vya majira, au kitanzi chenye homoni. Kwa hiyo kule kupumzika kwa mke wa sajini si kupumzika.

Tiba hufuata kosa

Mama anayetafuta mtoto na ambaye tatizo lake ni mayai kutotoka, dawa yake ya kwanza siku hizi ni letrozoli. Mwaka 2014 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la wanawake 750 wenye ugonjwa huu. Waliopewa letrozoli walijifungua watoto hai kama 28 kwa kila 100, na waliopewa dawa ya zamani, klomifini, walikuwa kama 19 kwa kila 100, katika muda usiozidi mizunguko mitano ya dawa. Bibi atakayesoma karatasi iliyomo ndani ya boksi ataona dawa hiyo imeandikwa kuwa ni ya kansa ya matiti, naye atatetemeka. Asitetemeke. Kwa kansa hutumika kila siku kwa miaka. Kwa kupevusha yai hutumika siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, tena chini ya macho ya daktari.

Kabla ya dawa hiyo kumezwa, mume naye apimwe manii. Najua hapa baadhi ya wasomaji wangu wenye vyeo wanakunja uso. Lakini ni aibu gani iliyomo katika kikopo, ukilinganisha na kumtwisha mke dawa za miezi sita huku kasoro iko kwako? Kipimo ni cha siku moja. Wapo mabwana waliooa mke wa pili na wa tatu kabla ya kukifanya, nao watoto hawakuja.

Mama ambaye hataki mtoto kwa sasa, na ambaye ndevu na chunusi zinamsumbua, mara nyingi hupewa vidonge vya majira, maana vinarudisha utaratibu na kuongeza ile protini inayokamata homoni za kiume. Havifai kwa kila mtu. Mwenye shinikizo la juu la damu, au aliyewahi kuganda damu mishipani, amweleze daktari kwanza. Wala si kweli kwamba vidonge hivi ndivyo vilivyomharibu yule askari polisi. Vinaweza kuuficha ugonjwa kwa kuleta hedhi ya kila mwezi, na siku mtu anapoviacha ugonjwa ukaonekana, basi vinalaumiwa. Tena mgonjwa asidhani kuwa hedhi mbovu ni kinga ya mimba. Yai hutoka siku lipendayo, na wengi wameshtukizwa.

Mama ambaye kosa lake ni la insulini husaidiwa na metformini, dawa ya kisukari iliyo rahisi na ya zamani. Huleta tumbo la kuharisha katika majuma ya kwanza, ndiyo maana huanzwa kwa kiasi kidogo na kumezwa pamoja na chakula. Kwa mtu mwembamba ambaye sukari yake ni sawa, faida yake ni ndogo zaidi. Hivyo basi jirani aliyepona kwa vidonge vyake asivigawe kwa mwenzake kama chumvi.

Kuhusu chakula, mwongozo wa 2023 haukupata aina moja ya mlo inayoshinda nyingine kwa ugonjwa huu. Jambo hilo ni jema kwetu, maana vyakula vinavyosifiwa katika vitabu vya wageni havipatikani katika duka la kambi. Sahani yenye nusu ya mboga za majani, posho au matoke kwa kiasi, na maharagwe, njugu au dagaa, inatosha. Adui aliye karibu zaidi ni sukari ya kunywa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani kama vijiko saba vya chai, na kikombe chenye vijiko vinne, kikinywewa mara tatu kwa siku, kinaipita soda hiyo. Mwendo wa miguu wa haraka wa dakika 30 kwa siku tano za juma huifanya misuli isikie insulini vizuri zaidi, hata kabla mizani haijaonyesha lolote. Na kwa mnene, kupungua kidogo tu, tuseme kilo nne au tano kwa mwenye kilo 90, mara nyingine hutosha kurudisha hedhi. Lakini mwili wenye insulini nyingi hunenepa kwa urahisi na kupungua kwa shida. Anayemcheka mke wa sajini kwa ulafi amegeuza ugonjwa kuwa dhambi. Wagonjwa hawa huzongwa na huzuni na wasiwasi kuliko wanawake wengine, na si ajabu.

Mimba ikipatikana, mkunga aelezwe tangu ziara ya kwanza, kwa kuwa kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu huwajia wenye ugonjwa huu zaidi kuliko wengine. Sukari ipimwe mapema, na tena kati ya juma la 24 na la 28. Dada za mgonjwa nao waulizwe hedhi zao, kwa sababu ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Na kaka zake, ingawa hawana ovari, wasione kuwa habari hii haiwahusu, maana ule ukaidi wa insulini huonekana hata kwa wanaume wa nyumba hizo.

Askari hahojiwi anapohamishwa, na mkewe hufunga mizigo pamoja naye. Mgonjwa wa namna hii akifika kambi mpya bila karatasi huanza upya: picha mpya, dawa mpya, na maswali yale yale mbele ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo achukue daftari la shule la kurasa 48, aandike tarehe ya kila hedhi tangu mwaka jana kwa kadiri anavyokumbuka, sukari ya asubuhi na ya saa mbili, shinikizo, uzito, kipimo cha mume, na jina la kila dawa pamoja na siku ilipoanzwa na siku ilipoachwa. Lipangwe katika sanduku la vyeti vya watoto, wala lisifungwe ndani ya mzigo utakaopanda lori.